Wanaojifunza gitaa wasikwamie umbo moja

Mhariri,

Nafundisha gitaa, na kero yangu ni wanafunzi wanaokariri umbo la kwanza (mpangilio wa vidole shingoni) la skeli, yaani mfululizo wa noti, ya pentatoniki, pale freti ya 5 (freti ni vijiti vya chuma vinavyogawa shingo ya gitaa), kisha wakaweka kambi hapohapo. Wanapanda na kushuka kwa kasi ya ajabu, lakini muziki husikii.

Skeli yenyewe ina noti 5 tu. Ya A maina ni A, C, D, E na G, basi. Noti hizo zimetapakaa shingo nzima ya gitaa kwa maumbo 5 yanayoshikana: upande wa juu wa umbo moja ndio upande wa chini wa linalofuata. Ukizifanya zitulie kwenye C, yaani C ndiyo iwe noti ya kurudia nyumbani, tayari unapiga pentatoniki ya C meja (wengi hawaamini mpaka wasikie).

Dawa yangu ni kupiga skeli yote kwenye uzi mmoja. Chukua wa 2: freti 1, 3, 5, 8, 10, 13. Metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, iende polepole, nawe utaje jina la kila noti kwa sauti. Inachosha, najua.

Walimu wenzangu, tusiwabebeshe wanafunzi michoro ya maumbo yote 5 siku moja. Miwili inayopakana inatosha kuanzia.

Mwalimu wa gitaa