Malalamiko: Gyrinocheilus Aliyeuzwa kwa Lebo ya Crossocheilus

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SAMAKI ASIYELINGANA NA LEBO, NA JIBU LENU LISILORIDHISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Samaki mliyeniletea kwa lebo ya "mla mwani wa Siamu" siye. Mla mwani wa Siamu ni wa jenasi ya Crossocheilus. Huyu ni Gyrinocheilus aymonieri. Kosa hili si la jina tu. Wa kwanza huishi na skalari (samaki bapa wa mapambo, waendao polepole) bila ugomvi, wa pili akikua huwachuna ubavu.

Mmenijibu kwamba wakiwa wadogo hawa samaki hawatofautishiki. Si kweli, hata kwa samaki wa sentimita 4. Subirini agande kwenye kioo, kisha mtazameni mdomo mkiwa upande wa nje. Wangu ana mdomo wa kufyonza ulioelekea chini, midomo yake mipana inakwaruza kama tupa, na sharubu hana. Crossocheilus hagandi hivyo. Hutua juu ya jani au changarawe, akajiegemeza kwa mapezi ya kifuani na ya tumboni huku kichwa kimeinuka, na karibu na pua ana sharubu fupi.

Baada ya mdomo, tazameni shavu. Juu ya mwanya wa kawaida wa matamvua, Gyrinocheilus ana tundu la pili, dogo, la kuvutia maji wakati mdomo umeng'ang'ania jiwe. Huonekana likifunguka na kufunga upesi upesi. Crossocheilus hana tundu hilo, kwa hiyo hapo ubishi umekwisha. Picha ya shavu nimeiambatisha. Nimeipiga kwa usawa wa samaki, bila flashi, ili kioo kisirudishe mwanga.

Rangi msiitegemee peke yake, maana samaki aliyetoka kwenye mfuko wa safari hupauka. Hata hivyo inasaidia: mstari mweusi wa Crossocheilus hupita moja kwa moja hadi mwisho wa mkia, na mapezi yake ni maangavu. Wangu mstari wake umekatikakatika kuwa mabaka, na mkiani ana madoa. Na kama mapezi yangekuwa na weusi wenye ncha nyeupe, tungekuwa tunamzungumzia Epalzeorhynchos kalopterus, ambaye naye huuzwa sana kwa jina hilohilo la mla mwani wa Siamu.

Ukurasa wenu unamshauri mteja amweke katika tangi la lita 60 pamoja na "samaki wote watulivu". Ushauri huo haufai hata kwa samaki aliye kwenye lebo, kwani Crossocheilus hufikia sentimita 14 hivi, ni mwogeleaji hodari, na anahitaji tangi la urefu wa sentimita 120 lenye kifuniko kwa sababu huruka. Gyrinocheilus hupita sentimita 25. Akiwa mdogo hula mwani vizuri. Akikomaa huupuuza, hulinda eneo lake, na huwafuata samaki wapana waendao polepole ili ale ute wa ngozi yao. Skalari ndiye windo jepesi, hasa usiku anapotulia. Dalili ni mabaka ya mviringo yaliyopauka ubavuni na magamba yaliyong'oka. Ute ukiondoka, bakteria na kuvu hupata njia ya kuingia.

Mlisema nimwongezee chakula. Shibe hupunguza tabia hiyo, haiikomeshi. Mlisema pia kwamba atakua kwa kadiri ya tangi. Samaki anayedumaa anadumazwa na maji machafu, nafasi finyu na mlo duni. Huko ni kumdhuru, na sikubali kampuni inayouza viumbe hai itoe ushauri wa namna hiyo. Mahali pa Gyrinocheilus ni tangi la lita 200 au zaidi, mkondo wenye nguvu, mapango, yeye peke yake wa aina yake, pamoja na samaki wepesi wasio bapa.

Ninaomba mumchukue na kuniletea Crossocheilus, au mnirudishie fedha. Ninaomba pia lebo ziandikwe jina la kisayansi na urefu wa samaki mzima, na mwajulishe wote walionunua kutoka shehena hii kabla skalari zao hazijaanza kuumia.

Kwa sasa nimemtenga. Mtakapokuja, leteni mfuko mpana wa kufungwa maradufu: theluthi moja maji ya tangi lake, theluthi mbili hewa, ndani ya boksi la kuzuia joto na mwanga. Msimlishe saa 24 kabla ya kumsafirisha tena, na asitupwe mtoni wala bwawani.

Wenu,
Mteja (jina na nambari ya oda vimo kwenye risiti iliyoambatishwa)