Mlango wa nyuma wa gari umeniletea maneno nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia watu wote wakiwa bado wamelala, kwa sababu usingizi umenigomea tangu mume wangu aniite "fundi wa simu", yaani wa kujifunzia ufundi kwenye simu, mbele ya mama yake. Mama mkwe alicheka. Sisemi kwamba alicheka kwa ubaya, lakini alicheka.

Unaijua hali ya barabara zetu ukishaiacha lami ya Kisongo. Tangu gari lirudi kutoka kwa yule rafiki wa mume wangu aliyelinyoosha lilipogongwa nyuma, mlango wa buti haukai sawa: kulia ncha ya kidole inapita, kushoto umebana hadi rangi inakwaruzika. Gari likiwa mwendoni, hewa ya nyuma huvutwa kuingia ndani, ikibeba vumbi pamoja na moshi wa eksozi, ambao ndani yake imo gesi isiyonukia wala kuonekana. Watoto ndio wanaokaa huko nyuma, na mimi ndiye ninayewapeleka shule. Ningenyamazaje?

Wala sikukurupuka. Nilibana karatasi kati ya mlango na mpira wake, kisha nikaivuta: kushoto iligoma, kulia ikatoka bila shida. Nikachora kwa kalamu kukizunguka kile chuma cha chini kinachokamatwa na loki, ili alama ya mahali pake isipotee, nikalegeza boliti zake, nikakisogeza mbele kidogo mno, nikakaza tena. Kipira kigumu cha pembeni upande wa kulia kilikuwa kimetokeza na kuusukuma mlango nje, nami nikakizungusha kiingie. Karatasi sasa inabanwa pande zote mbili. Kilichobaki ni mlango kuegemea kushoto, na dawa yake iko kwenye bawaba za juu, ambazo sikuzigusa, kwa kuwa boliti zake zikilegezwa mlango huhama wote na shokapu zinazouinua huzidi kuusukuma. Lazima awepo mtu wa pili wa kuushika. Nilitaka mtu huyo awe mume wangu. Nilipomwomba ndipo akalitoa neno lile, tena mbele ya mama yake.

Angesema tukiwa wawili ningecheka naye. Mimi nimelelewa na baba seremala, milango nimeiona ikirandwa na kupangwa tangu utotoni, na hilo analijua. Nadhani kinachomkera ni kwamba nikifaulu, itaonekana kuwa rafiki yake alichukua fedha yetu bila kumaliza kazi. Je, mtu anaweza kumwonea aibu rafiki kuliko kuwahurumia wanawe? Sitaki aniombe radhi. Ingetosha tu amwambie mama yake kwamba karatasi inabanwa.

Yeye yuko Babati kikazi hadi mwisho wa wiki. Mdogo wangu wa kiume yuko tayari kuja kunishikia mlango, na fundi mwingine wa bodi pale Sakina amesema nikimpelekea ataumaliza siku hiyo hiyo. Nikifanya lolote kati ya hayo mume hayupo, nitakuwa nimemdharau? Au nimsubiri, watoto waendelee kukaa karibu na mlango usiokaa sawa? Gari, kwa taarifa yako, tulilinunua kwa fedha za wote wawili.

Tafadhali nijibu kabla hajarudi, ingawa nahisi spana nitakuwa nimeshaishika.

Mama wa wawili,
Arusha