Kamera ya kuja nayo likizo

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi wazima, ila umeme umekatika tangu adhuhuri na simu imebakiwa na chaji ya kuombea, kwa hiyo nimerudia kalamu na karatasi. Umeme ukirudi nitaipiga picha barua hii nikutumie, utaisoma ukitoka zamu huko Muscat.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara zote nimecheka. Unaniuliza habari za kamera kama mwari anayeuliza mposaji yupi akubaliwe, yule mdogo mtulivu au yule mkubwa mwenye mali. Binamu yako kakwambia kamera ndogo ni ya watalii, na mtu mwenye akili zake hununua ya kubadili lenzi. Sasa mimi ndiye niliye nayo hiyo ya kubadili lenzi, mwaka wa nane huu, na mwisho wa wiki ndiyo inayonipatia vijisenti vya harusi nikishafunga madaftari ya wanafunzi. Nisikilize mimi, huyo binamu mwache kwanza.

Umesema unataka kumpiga picha bibi yako kabla hajazidi kuchoka. Mwezi uliopita nilivuka kivuko pale Pangani kwenda Bweni kumwona. Nikamkuta barazani anasuka ukili, miyaa imetapakaa mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe huku yeye anapiga soga na jirani. Nikasema hapa hapa. Nikatoa Canon yangu, 700D, bodi peke yake gramu 580, na lenzi juu yake. Nilipoiinua tu, bibi akaacha ukili, akavuta kanga kichwani, akaweka mikono magotini na kunipa uso wa kitambulisho cha taifa. Nikamwambia, "Bibi endelea tu." Akanijibu, "Piga kwanza, nimekaa vizuri." Nikapiga. Kioo cha ndani kikalia klaki, naye akauliza kama imetoka.

Mkobani nilikuwa na kamera ndogo ya mdogo wangu, Canon G7 X Mark II, gramu 319 na betri yake. Nikaishika usawa wa tumbo, nikainua kile kioo cha nyuma, huku namuuliza habari za mashamba. Akarudi kwenye ukili wake. Haina klaki, haina kishindo. Kati ya picha nilizopata pale ipo moja ya kidole gumba kinabana miyaa, na ukili umeteremka mpaka kwenye kizingiti. Kubwa ile isingenipa picha hiyo hata ningekaa pale mpaka magharibi. (Nilimwonyesha baadaye, akacheka, akasema nimpelekee iliyosafishwa. Usidhani nimemwibia sura. Kamera ndogo inamshawishi mtu kuwa mwizi, na kwenye shughuli za wanawake hasa, uliza kabla ya kuitoa.)

Sasa nije kwenye hoja ya binamu, maana si ya uongo yote. Ndani ya kila kamera, pale filamu ilipokuwa inakaa zamani, kuna sensa. Si ile ya kuhesabu watu, ni kipande kinachonasa mwanga, na kikiwa kikubwa picha za gizani zinatoka safi zaidi, bila zile chembechembe kama mchanga. Yangu ina milimita 22.3 kwa 14.9. Kamera ndogo nzuri zina sensa inayoitwa ya inchi moja, na jina hilo linadanganya mchana kweupe, kwani vipimo vyake ni milimita 13.2 kwa 8.8. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za enzi hizo, basi wauzaji wakaling'ang'ania. Ukipiga hesabu ya eneo, yangu inakaribia mara tatu ya hiyo.

Hapo binamu atapiga makofi. Lakini muulize lenzi ipi itakuwa mbele ya hiyo sensa kubwa. Iliyokuja na kamera yangu kwenye boksi ni ya 18-55, yaani milimita 18 mpaka 55, na namba hiyo ikikua inavuta karibu zaidi. Ukilifungua tundu lake la kupitisha mwanga, mwisho wake ni f/3.5, na ukivuta picha karibu inabaki f/5.6. Namba ya f ikipanda ujue tundu linapungua, hilo lilinichukua muda kulimeza. Ile ndogo ya mdogo wangu inafunguka mpaka f/1.8, na hata ukivuta mpaka mwisho inabaki f/2.8. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara nne ya f/3.5. Kwa hiyo ile faida ya mara tatu ya sensa yangu imeliwa yote mlangoni kabla haijaingia ndani.

Si ya kusimuliwa. Tulipowapeleka wanafunzi Mapango ya Amboni niliingia na zote mbili, ile ndogo nimempa mwalimu mwenzangu. Mle ndani, ukishapita ule mwanga wa mlangoni, ni tochi ya mwongozaji tu na popo. Jioni tukazifungua picha kwenye kompyuta. Zake zilikuwa safi kuliko zangu, si sana, ila inaonekana. Niliona haya kidogo. Kisha tukafika kwenye zile nilizopiga baada ya kuvaa lenzi yangu ya pili, ya 50 mm f/1.8, hapo mwenzangu akanyamaza. Uso wa mwongozaji umeshika mwanga wa tochi upande mmoja, mawe ya nyuma yameyeyuka kuwa giza la kahawia, na jasho la kwenye paji unaliona. Kamera ndogo haifiki huko. Lakini nami ilinibidi nirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wenye unyevu, maana lenzi ya 50 kwenye kamera yangu inabana picha kama ya 80 kwenye kamera ya filamu, ndani ya pango unatafuta nafasi hupati.

Unaona basi inapolala tofauti. Kamera kubwa unanunua ahadi ya lenzi zitakazofuata. Nawajua watu wengi tu hapa mjini wenye kamera za aina hiyo ambazo tangu zitoke kwenye boksi hazijawahi kuvuliwa ile 18-55, na mtu anaibeba kilo nzima na mfuko wake kila anakokwenda. Huyo ana kamera ndogo iliyonenepa. Kama huna mpango wa kununua lenzi ya pili ndani ya mwaka, na wewe shoga nakujua, fedha zako zina safari nyingine, basi usijitie kwenye mkumbo.

Na kubadili lenzi kwenyewe kuna adha yake. Nikusimulie aibu yangu. Harusi moja ya Pangani, picha za ufukweni, saa saba mchana, upepo wa kusi. Nikavua lenzi nikiwa nimesimama pale pale mchangani, kama anayevua kofia, nikavaa nyingine. Jua lilikuwa kali nikafunga tundu mpaka f/11. Nyumbani naziangalia picha, kila moja ina doa jeusi mahali pamoja, juu kushoto. Kwenye picha za bahari lilikuwa angani, ukasema ni ndege. Kwenye zile za bwana harusi lilikaa begani, juu ya kanzu nyeupe pe, na mama yake akaniuliza, "Mwanangu kamwagikiwa na wino?" Ilikuwa punje ya vumbi imekaa kwenye sensa. Tundu likiwa wazi huioni, ukilifunga inajitokeza kama nzi kwenye maziwa. Nilikesha siku mbili nafuta doa moja moja. Siku hizi nabadili lenzi ndani ya gari, madirisha juu, mdomo wa kamera unatazama chini.

Lakini usije ukafikiri ndogo ni salama kwa kuwa haifunguki. Ile lenzi yake inayotoka na kuingia hupenda mchanga mno. Mdogo wangu alikuwa na nyingine kabla ya hii, akaiweka kwenye mfuko mmoja na taulo la kuogelea. Ikakwama imetoka nusu, kama kobe aliyesahau njia ya kurudisha kichwa. Fundi alipotaja bei ya kuifungua tukatazamana tu. Na pwani hii kuna ukungu, ule wa kuota kwenye vioo vya lenzi kama utando wa buibui, ukiuacha unakula mpaka rangi ya juu ya kioo. Kwangu ukiingia kwenye lenzi moja naitupa hiyo, bodi inabaki. Kwenye ndogo lenzi na kamera ni mwili mmoja. Dawa yake ni dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nikusanyie huko, nyinyi mnanunua viatu kila mwezi.

Wewe mwenyewe huko Muscat kuna jambo unalijua kwa miwani yako: ukitoka kwenye kiyoyozi ukaingia joto la nje, vioo vyote vinafunga. Kamera ni vivyo hivyo. Iache mkobani imefungwa nusu saa izoee joto, usiifute futa.

Kuna mahali ambapo ningekwambia binamu yako yuko sahihi, tena bila kusitasita. Kama ungetaka kuanza kazi ya harusi, nunua kubwa. Kamera ndogo nyingi hazina hata mahali pa kupachika flashi ya juu, na kile kimwanga chake ukumbini kinaishia meza ya pili. Betri nayo, ile G7 X watengenezaji wenyewe wanaipa picha 265, yangu 440, na send-off moja tu inakula zote hizo kabla keki haijakatwa. Tena wateja wetu wanapima kazi kwa ukubwa wa kamera, ukija na ya mkononi wanauliza mpiga picha yuko wapi. Na kama ungekuwa na hamu ya ndege wa msitu wa Amani, kale kachozi kanakorukaruka juu ya maua, hapo pia ndogo haina chake. Unahitaji lenzi ndefu, angalau ile 55-250, ambayo kwenye bodi kama yangu inavuta kama ya 400. Wewe hukutaja ndege. Umetaja bibi, watoto wa dada, safari ya Pemba na sahani za futari. Hayo yote yanataka kamera iliyo mkobani wakati jambo linapotokea.

Kwa hiyo nenda madukani Ruwi, hapo hapo Muscat, ukatafute ndogo yenye sensa ya inchi moja na lenzi ya f/1.8. Simu usiihesabu, hiyo unayo tayari, na ukivuta picha kwa simu yako ile unajua zinavyogeuka uji. G7 X nimekusifia, lakini haina kitundu cha kuchungulia, na jua letu la mchana linaufuta ule mwangaza wa kioo, unapiga kwa kubahatisha. Ningekuwa wewe ningetafuta Sony RX100 kuanzia ile ya tatu, ya mwaka 2014. Ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu pembeni, na lenzi yake ni f/1.8 mpaka f/2.8. Ya sita na ya saba zinavuta mbali zaidi, mpaka 200, ila zinaanzia f/2.8. Umbali umelipiwa kwa giza. Kwa vyumba vya bibi yako vyenye dirisha moja, chukua ile ya tatu, ya nne au ya tano.

Ukiletewa iliyotumika usione haya kuikagua mbele ya mwenye duka. Iwashe na kuizima mara tano, sikiliza lenzi ikitoka, isikwaruze. Mulika tochi ya simu ndani ya kioo ukitafuta utando. Kisha elekeza mbinguni, funga tundu mpaka f/11, piga, kuza picha utazame madoa. Lipo? Rudisha, ya ndogo hayafutiki kwa kipulizio. Chaja ya plagi ya huko inaingia kwenye soketi za huku, zile za pini tatu, hilo usihangaike nalo. Bali nunua betri ya pili, umeme wetu ndio huu.

Na binamu yako akikubishia, mwambie anikopeshe hiyo yake kubwa siku utakayokuja, nitaivaa lenzi yangu ya 50 kama zinaingiliana, tukupige wewe na bibi pamoja barazani. Picha ya uso wa kitambulisho nayo inahitajika, anaitaka ya kutundika.

Halua usisahau, ile yenye zafarani. Mama anakusalimu, watoto wanauliza unakuja lini. Taa zimewaka sasa hivi, acha nikimbilie soketi kabla hawajabadili mawazo.

Wako,
Zaituni