Kabla Hujatuletea Kitabu cha Babu: Namna ya Kulitambua Toleo la Kwanza

Kitabu kinacholetwa zaidi katika duka letu hapa Malindi ni ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikatolewa na Oxford University Press mwaka 1939. Huja imeviringishwa kwenye leso, na mwenyewe hutaja bei hata kabla hajaketi. "Tazama, hapa pameandikwa 1939." Kweli pameandikwa. Lakini shusha jicho kidogo, na mara nyingi utakuta msururu wa miaka mingine: imechapwa tena, imechapwa tena, imechapwa tena. Mwaka wa juu ni wa kuzaliwa kwa kitabu. Ule wa mwisho ndio wa nakala uliyoishika. Kamusi hiyo iliendelea kuchapwa kwa miongo kadhaa, ndiyo maana haikosekani katika nyumba za walimu wa zamani pwani nzima.

Tunaandika haya kwa sababu kuna watu wanapanda matatu kutoka Mambrui na Gede, wengine wanatoka mbali zaidi, kuja kuambiwa jambo ambalo wangeliona wenyewe sebuleni. Nauli haichezewi siku hizi.

Tuelewane kwanza. Mkusanyaji anapotafuta toleo la kwanza, anataka nakala iliyotoka katika chapa ya kwanza ya toleo hilo. Nakala za mwanzo zikiisha, mchapishaji akarudi mtamboni na maandishi yale yale bila kugusa nukta, hiyo ni chapa ya pili. Kwa msomaji hakuna kilichobadilika. Kwa mkusanyaji bei imeshaporomoka.

Basi fungua ukurasa wenye jina la kitabu, kisha ugeuze. Nyuma yake ndipo penye siri zote. Vitabu vya Uingereza, pamoja na vingi vya Nairobi vilivyofuata desturi hiyo, huandika "First published" na mwaka, halafu basi. Ukiona chini yake "Reprinted" au "Second impression", usijisumbue kusoma zaidi. Katika vitabu vya Kiswahili tafuta "Chapa ya kwanza", "Toleo la kwanza" au "Kimechapishwa mara ya kwanza", kisha uangalie kama kuna mstari unaofuata. Na usiridhike kwa kuwa mwaka ni ule ule. Kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba Elsa, *Born Free*, kilitolewa London na Collins na Harvill mwaka 1960, kikagombaniwa hadi kikachapwa tena mwaka huo huo. Nakala ya 1960 inaweza kabisa kuwa si ya kwanza.

Wachapishaji wa Marekani, na baadaye wengi wa Uingereza, walihamia kwenye mstari wa namba: 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Kila chapa mpya, namba ndogo inafutwa. Kwa hiyo tafuta iliyo ndogo kuliko zote. Ikiwepo 1, ni chapa ya kwanza; ikianzia 4, ni ya nne. Wengine huzipanga huku na huku, 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, lakini kanuni haibadiliki. Waliotoka nje ya kanuni ni Random House: kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, chapa yao ya kwanza ilikuwa na maneno "First Edition" na namba zikaanzia 2. Asiyejua hukiuza kitabu kama cha chapa ya pili, na anayejua hununua kimya kimya akaenda zake.

Kuna na herufi. Ernest Hemingway, aliyekuja kuvua samaki hapa Malindi mwaka 1934, alitoa kitabu chake cha safari ya uwindaji, *Green Hills of Africa*, mwaka 1935 kwa Charles Scribner's Sons wa New York. Kuanzia mwaka 1930 kampuni hiyo ilikuwa ikiweka herufi A peke yake kwenye ukurasa wa hakimiliki wa chapa ya kwanza. Kwa hiyo kitabu hicho kikiwa na 1935 bila A, si cha chapa ya kwanza. Wageni waliacha vitabu vingi katika hoteli na nyumba za mji huu, kwa hiyo ukikikuta kabatini, tazama herufi hiyo kabla ya kitu kingine.

Sasa tuje kwa vitabu ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni, maana hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mfululizo wa African Writers Series wa Heinemann ulianza mwaka 1962, na namba yake ya kwanza ni *Things Fall Apart* cha Chinua Achebe. Nakala hiyo ya 1962 ni ya kwanza katika mfululizo tu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimetoka London mwaka 1958, kwa William Heinemann, kikiwa na jalada gumu.

Chukua *Weep Not, Child*, namba 7, cha mwaka 1964. Jina gani liko juu ya jalada? Nakala za mwanzo zinamwita mwandishi James Ngugi. Likiwepo jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, umeshika chapa ya baadaye, hata kama ndani pameandikwa 1964 peke yake. Kisha tafuta ile orodha ya vitabu vya mfululizo ambayo aghalabu huwa mwanzoni au mwishoni. Ikiwa kitabu namba 7 kinatangaza kitabu namba 100, basi kilipigwa chapa baada ya namba 100 kujulikana, na hiyo haiwezi kuwa 1964. Orodha kama hizi, pamoja na "vitabu vingine vya mwandishi huyu", zina manufaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mchapishaji husahau kuzirekebisha anapotaka kuficha umri.

Majina ya kampuni nayo yana historia. East African Literature Bureau ilikuwa taasisi ya pamoja ya nchi zetu, na ilikufa pamoja na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Kwa upande wa Kenya ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kilitoka kwa ile ya zamani mwaka 1960. Ukiletewa nakala yenye jina la Kenya Literature Bureau ukaambiwa ni ya 1960, shukuru kwa heshima na uirudishe. *Rosa Mistika* cha Kezilahabi kilitoka kwanza mwaka 1971 kwa East African Literature Bureau; nakala ya Dar es Salaam University Press ni ya 1988. Heinemann ya Nairobi nayo iligeuka kuwa East African Educational Publishers mwaka 1992, kwa hiyo jina hilo likiwa kwenye kitabu, kitabu hicho hakijawahi kuiona miaka ya sitini.

Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ni rahisi zaidi. Namba hiyo yenye tarakimu 10 ilianza mwaka 1970. Uingereza walikuwa na ya tarakimu 9 tangu 1967. Ya tarakimu 13 ilianza Januari 2007. Kitabu kinachojiita cha 1951 kikiwa na ISBN kimejisuta chenyewe. Ukiona 9966 ndani ya namba hiyo, kimesajiliwa hapa Kenya.

Malindi pia tuna jambo letu. Wataliano wameishi hapa miaka mingi, na wanapohama au kufariki, makabati yao ya vitabu humwagwa sokoni kwa kilo. Wengi wenu Kiitaliano mnakijua cha kuzungumza, basi tumieni. Nyuma ya ukurasa wa jina tafuta "prima edizione". "Ristampa" maana yake kimechapwa tena. Halafu nenda mwisho kabisa wa kitabu, kwenye maandishi madogo yanayoanza "finito di stampare", hapo utapata mwezi na mwaka kazi ya uchapaji ilipokamilika. Wauzaji wengi hawafiki ukurasa huo. Na usidharau tafsiri: riwaya ya Boris Pasternak, *Il dottor Živago*, ilitoka kwa mara ya kwanza duniani kwa Kiitaliano, Milano, kwa Feltrinelli, Novemba 1957, kwa sababu kwao Urusi ilikataliwa. Nakala ya Kirusi si ya mwanzo kuliko hiyo. Ilirudi mtamboni haraka, kwa hiyo tarehe ile ya mwisho wa kitabu ndiyo itakayokata shauri.

Kinyume chake ni *Out of Africa* cha Karen Blixen. Random House wa New York walikitoa mwaka 1938, na nakala yao ni ya kwanza ya Marekani. Lakini London, kwa Putnam, kilikuwa kimeshatoka 1937. Na kama jalada lina picha ya waigizaji, hiyo ni baada ya filamu ya 1985.

Kuhusu ile karatasi inayovalishwa jalada gumu, neno moja: usiitupe, hata ikiwa imechanika. Kwa vitabu vya karne iliyopita, karatasi hiyo peke yake yaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani. Isome vilevile. Uingereza iliacha shilingi na peni tarehe 15 Februari 1971, kwa hiyo kitabu cha 1960 kilichovaa karatasi yenye bei ya "£1.50" kimevalishwa nguo ya mwenzake. Na kama hakuna bei kabisa kwenye kitabu cha Marekani, pitisha kidole nyuma ya jalada, chini, karibu na mgongo. Ukihisi kibonyeo kidogo cha nukta au mraba, kitabu hicho ni cha klabu ya vitabu, zile zilizowauzia wanachama wake nakala za bei nafuu. Vilitengenezwa kwa wingi, na wakusanyaji hawavitaki.

Vitabu vya zamani kabisa vina mtego mwingine. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf ilitoka London mwaka 1882, nayo ilirudiwa kwa picha ya kurasa zile zile miaka ya 1960. Ukurasa wa jina wa 1882 umo vilevile, na mtu akiuona anaruka. Tazama karatasi: je, ni nyeupe mno? Je, kuna jina la kampuni ya pili mahali fulani? Siku hizi kuna na hizi zinazochapwa nakala moja moja kwa oda ya mtandaoni, ukurasa wa mwisho una mistari ya msimbo na tarehe ya juzi. Hazina ubaya kwa kusoma. Kwa kukusanya, hapana.

Mtazamo wetu, na wenzetu wa biashara wanaweza kubisha: watu wanashughulika mno na vitabu vinene vya Kiingereza vya wawindaji na walowezi, wakati vile vyembamba vya Kiswahili vya miaka ya 1950 ndivyo vinavyopotea. *Kusadikika* cha Shaaban Robert kilitoka kwa Nelson mwaka 1951. Vitabu vya namna hiyo vilisomwa na darasa baada ya darasa hadi vikabaki nyuzi. Ukikuta kimoja cha chapa ya kwanza chenye jalada lake, hata kikiwa na jina la mwanafunzi kwa kalamu ya wino, tupigie simu siku hiyo hiyo.

Jina hilo la wino liache. Tunawaomba kwa dhati msisafishe vitabu kabla ya kutuletea. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, masika ndiyo huzidi, na kurasa hutoka madoa ya rangi ya kutu; madoa tumeyazoea na tunayahesabu katika bei. Tusichoweza kukihesabu ni utepe wa gundi, kurasa zilizoanikwa juani zikajikunja, au jalada lililopelekwa kwa fundi likavikwa rexini mpya ya bluu. Fundi alifanya kazi nzuri, lakini kitabu kimeuawa. Kiweke kimesimama, mbali na ukuta wa nje, mahali penye upepo, na ukikague mara kwa mara kwa ajili ya mchwa.

Kabla ya kuja, tutumie picha kwa WhatsApp: jalada pamoja na mgongo, ukurasa wa jina, nyuma yake, na ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Kuangalia picha hatutozi kitu. Kama kitabu kinaonekana kina thamani, tutakuomba ukilete tukishike, kwa sababu picha haionyeshi kibonyeo wala harufu ya ukungu. Kisha tutakupa moja kati ya mawili: bei yetu ya kukinunua papo hapo, au tukiuze kwa niaba yako na tuchukue kamisheni tutakayoandikiana. Ukitaka muda wa kwenda kuuliza kwingine, chukua. Kitabu ni chako.

Kuna kitu kimoja hatununui, hata uje nacho wakati gani: misahafu na tenzi zilizoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kutoka Siyu, Pate, Lamu au huku kwetu. Hizo hazina toleo la kwanza wala la pili, na zinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Usiikunjue kwa nguvu wala usiipige picha kwa taa kali. Ipeleke Makumbusho ya Malindi au ya Lamu wakuandikie, na ikiwa hujui wa kumuuliza, pita dukani asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa, tutakusindikiza.