Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hakimiliki na Zana za Kufundishia Maskulini

Ndugu Wanachama,

Assalaam alaykum. Hesabu za fedha mtasomewa na Mshika Fedha. Mimi nitasimama kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, nalo ni hakimiliki ya vitabu, vitini na michoro tunayoitumia darasani.

Katika ziara zetu za maskulini nilikabidhiwa kitini cha jiografia chenye ramani ya Pemba iliyochorwa kwa mkono, kuanzia Ras Kigomasha hadi Kisiwa Panza. Pembeni chini palikuwa na mraba mweupe, alama ya kipande cha karatasi kilichobandikwa kabla ya kutolewa kopi. Mwandiko niliutambua. Ni wa mwanachama mwenzetu aliyestaafu, na kilichofunikwa ni jina lake. Nilipomwendea hakudai pesa; aliuliza tu jina lake limemkosea nani.

Hakimiliki si jambo la Muungano. Hapa kwetu inayotuongoza ni Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar Na. 14 ya 2003, kwa hiyo mwalimu asiegemee vifungu vya sheria ya Bara ya 1999 alivyovikuta mitandaoni. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaziachia nchi wanachama kuruhusu kazi za watu zitumike kufundishia kwa kadiri somo linavyohitaji na kwa uungwana, na unataka chanzo kitajwe pamoja na jina la mtunzi likiwemo. Basi kuwatolea wanafunzi beti chache za shairi ili wazijadili si sawa na kukitoa kopi kitabu kizima cha kiada, kukitia jalada na kuwauzia. Najua kitabu kimoja hugombaniwa na wanafunzi wengi, na nia ya mwalimu huwa njema, lakini aliyekesha akikiandika kitabu hicho naye ana haki yake.

Faili kufika kwenye simu kupitia kundi la WhatsApp hakulifanyi kuwa halali kusambazwa. Zipo kazi ambazo wenyewe wameziruhusu kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa 2002. Hizo tuzitumie kwa kufuata masharti yaliyoandikwa. Kwa wanafunzi wasioona, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, umefungua mlango wa kuwatayarishia nakala za nukta nundu, na naomba kamati ijayo ilishughulikie hili mapema.

Kamati inapendekeza kila kitini cha mwanachama kiandikwe jina la aliyekitunga na mwaka, na pale inapohitajika zaidi ya sehemu ndogo ya kazi ya mtu, mwenyewe aombwe kibali kwa barua. Mfano wa barua hiyo tumeuandaa.

Ramani ile imeshatolewa kopi upya kwa kibali cha maandishi, jina likiwa mahali pake. Nakala zipo ofisini kwetu Chake Chake.

Mwenyekiti