Mtoto wa miezi saba apewe tonge, asiishie kwenye chupa ya uji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya maoni ya wasomaji nizungumzie ulishaji wa watoto waliotimiza miezi sita, hasa wale wanaoanza kushika chakula wenyewe, kwa sababu kurasa za afya za magazeti yetu, lako likiwamo, huandika suala hili kana kwamba kila nyumba ya Dar es Salaam ina brokoli kwenye jokofu na mama anayeshinda nyumbani. Mimi ni mlezi katika kituo kidogo cha kulelea watoto mchana huku Tabata. Wazazi wengi hutuletea watoto kabla jua halijachomoza ili wawahi daladala za Kariakoo na Posta, na huwafuata giza likiwa limeshaingia, kwa hiyo milo mikuu ya mtoto huliwa kwetu au, kwa wale wasioletwa kituoni, huliwa mikononi mwa dada wa kazi. Anayetaka kuandika juu ya chakula cha mtoto wa jiji hili amwandikie kwanza huyo dada.

Kinachoingia asubuhi ndani ya mabegi ya watoto hao kinafanana mno. Ni chupa ya kunyonyea yenye uji wa lishe, ambayo chuchu yake imetobolewa kwa sindano iliyopashwa moto ili uji upite, na uji mwingine wa akiba kwenye chupa ya chai. Mtoto wa miezi saba, wa miezi tisa na wa mwaka mzima wote huletewa huohuo. Akikataa, matarajio ya baadhi ya wazazi ni kwamba tumlaze mapajani, tumshike mikono na kumnywesha mpaka chupa iishe, jambo ambalo mitaani huitwa kumkaba mtoto na ambalo wapo wanaolihesabu kuwa bidii ya malezi. Sisi hatulifanyi, na nawasihi wanaolifanya waache, kwa kuwa mtoto anayelia huku amelala chali hupaliwa kwa urahisi, na uji ukishaingia kwenye njia ya hewa hauishii kooni.

Hata pale asipopaliwa, uji unaopita kwenye tundu la sindano hauna budi kuwa mwepesi, na hapo ndipo hasara nyingine inapoanzia. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo la kubeba chakula kisichozidi mililita 240 hivi kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto anayeendelea kunyonya vizuri huhitaji kutoka kwenye chakula cha nyongeza takribani kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kilokalori 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 akishavuka mwaka. Kikombe hicho kimoja kikijazwa maji yaliyotiwa unga, mtoto atashiba na kulala bila kupata alichohitaji, na mlezi ataamini kwamba amemlisha.

Kuhusu unga wenyewe nina neno moja. Imezoeleka kwamba lishe bora ni ile yenye nafaka nyingi, ndiyo maana mashineni utawakuta watu wakichanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano na uwele, kisha soya na karanga juu yake. Nafaka tano bado ni nafaka, na kundi la chakula alilopata mtoto hapo ni lilelile moja. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kuchemsha uji. Sisemi uji utupwe. Uji mzito wa ulezi au wa mahindi, uliotiwa maziwa au yai au karanga safi zilizosagwa laini, ukaliwa kwa kijiko, ni chakula kizuri cha asubuhi. Ninachokipinga ni kuufanya uwe asubuhi, mchana na jioni mpaka mtoto anaota magego.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16. Tumepiga hatua, lakini ndogo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imekuwapo tangu 1973, na maelekezo ya makundi ya chakula yamebandikwa kwenye kuta za kliniki nyingi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha dada namna changu aliyemo sufuriani anavyogeuka kuwa chakula cha mtoto asiye na meno.

Huko Uingereza, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, muuguzi Gill Rapley amejulikana kwa kuhimiza wazazi wamwache mtoto wa miezi sita ajilishe kwa mikono badala ya kupondewa kila kitu, na siku hizi kina mama vijana wa hapa huipata habari hiyo kwenye simu zao wakidhani ni jambo la wenye viti virefu vya plastiki. Mtoto aliyepakatwa kando ya sinia akapewa kitonge kidogo cha ubwabwa ni jambo ambalo mabibi wa Mwambao hawakuhitaji kufundishwa. Hata hivyo siwafuati wale wanaokataza kijiko kabisa. Dagaa waliosagwa, mtori na maharage yaliyopondwa vinahitaji kijiko, na hakuna ubaya mlezi akalisha kwa kijiko huku mtoto ameshika kipande chake mkononi, mradi mtoto akigeuza uso mlezi asimame.

Mtoto aliye tayari kuanza kujilisha hutambulika: anakaa kwa kuegemezwa kidogo, shingo imekaza, anapeleka kila kitu mdomoni, na ulimi hausukumi tena chakula nje. Watoto wengi hufika hapo karibu na miezi sita, baadhi huchelewa kidogo, na aliyezaliwa kabla ya wakati aulizwe kliniki. Mwanzoni hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kipande kiwe kirefu na kinene kama kidole cha mtu mzima, ili sehemu ibaki nje ya ngumi. Ukimpa kipande kifupi, kitafichika kiganjani naye atalia kwa hasira. Ikikaribia miezi tisa huanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, na hapo vipande vinaweza kuwa vidogo. Kipimo cha ulaini ni vidole vyako: kipande kisichopondeka kwa kubanwa na vidole viwili hakijaiva kwa ajili yake.

Basi tuingie sokoni. Parachichi, papai na boga la kuchemsha vinafaa tangu siku za mwanzo. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A nyingi kuliko viazi vitamu vyeupe na huwa laini upesi. Ndizi kisukari huteleza mkononi, kwa hiyo osha ganda lake, menya nusu ya juu tu, na mtoto ashike penye ganda wewe ukiwa unamwangalia. Nina mmoja hapa kituoni ambaye ndizi bukoba iliyochemshwa huiminya kwanza mpaka itokee katikati ya vidole, akainusa, akairamba kutoka kiganjani, ndipo akakubali kuing'ata. Mama yake alipoona alidhani anachezea chakula, nami nilimweleza kwamba huko ndiko kujifunza kula kwenyewe. Msimu wa embe ukifika, chagua dodo lililoiva na likatwe vipande virefu, uachane na yale yenye nyuzi nyingi. Chungwa na chenza vitolewe mbegu na ngozi nyembamba ya ndani.

Matunda na viazi pekee, hata hivyo, havitatosha, na hili ndilo ambalo mapishi ya kwenye simu hulipita haraka. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huanza kupungua karibu na miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au mayai. Kwa kipato cha wengi wetu hilo husikika kama anasa, lakini kiasi kinachotakiwa ni kidogo na si lazima kiwe mnofu. Maini ya kuku yakichemshwa ni laini kiasi cha kuvunjwa kwa vidole, na mara moja kwa wiki yanatosha, kwani yana vitamini A nyingi mno. Yai likaangwe kwa mafuta machache mpaka liive lote, kisha likatwe vipande virefu. Chapati za maji zenye yai ndani, bila sukari, hushikika vizuri na hazivunjiki ovyo.

Katlesi nazisifu kuliko vyote. Viazi vilivyopondwa, nyama ya kusaga iliyoiva vizuri, kitunguu kidogo, bila pilipili wala chumvi, ukazifinyanga ndefu badala ya duara na kuzipaka mafuta kidogo tu kwenye kikaango; mtoto wa miezi nane huishika mwenyewe, na kaka zake hula zilezile zilizotiwa chumvi. Samaki wa soko la Feri nao wasiogopwe. Mwenye uwezo anunue kipande cha nguru, ambacho miba yake huonekana, na asiye na uwezo anunue vibua, achambue mnofu kwa vidole vyake mwenyewe taratibu, kwa kuwa mwiba mwembamba hausikiki kwa kijiko. Dagaa wa Mwanza watolewe vichwa, waoshwe mchanga, wakaushwe kikaangoni na kusagwa, kisha unga wake uchanganywe na ugali laini na mchicha uliokatwa vidogo, yafanyike matonge madogo marefu. Dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo wanahitaji kulowekwa na kumwagwa maji. Maharage, kunde na choroko yachemshwe mpaka yalegee, kila punje ibonyezwe, na tone la limau au kipande cha chungwa pembeni husaidia mwili kukitumia chuma kilichomo. Chai hufanya kinyume chake, na sielewi kwa nini bado naikuta kwenye vikombe vya watoto.

Yote haya yanawezekana kwa chungu kimoja. Sehemu ya mtoto ichotwe kabla ya chumvi, pilipili na viungo vya pakiti kuingia. Asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu kwa mtoto mchanga. Kiporo cha wali kilicholala mezani kwa joto letu kiliwe na kuku, si na mtoto, na mikono yake ioshwe kwa sabuni kama ya mlezi, maana ndiyo vijiko vyake.

Hofu kubwa ya wazazi ni kupaliwa, na ni hofu ya haki. Utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2016, ukihusisha watoto 206, haukuona kwamba waliojilisha kwa mikono walipaliwa zaidi ya waliolishwa kwa kijiko, ilimradi wazazi wao walikuwa wameelekezwa vyakula vya kuepuka. Sharti hilo la mwisho ndilo uzito wa jambo lenyewe. Karanga nzima, bisi, pipi, karoti mbichi, zabibu nzima, soseji zilizokatwa duara na vipande vigumu vya nazi havimfai mtoto, na hali mbaya kuliko zote ni kula huku anatambaa au yumo mgongoni ndani ya kanga. Akae wima na asiachwe peke yake. Anayekohoa na kutoa sauti, hata akitokwa na machozi, mwache akikohoe chakula mwenyewe wala usiingize kidole kukitafuta. Aliyenyamaza ghafla, hapumui wala hawezi kulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze na kumbonyeza kifuani kwa vidole viwili mara 5, ukirudia huku watu wakitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Mtoto wa chini ya mwaka hakandamizwi tumbo. Hili kila dada afundishwe siku ya kwanza ya kazi, kabla ya kuonyeshwa mahali pa kuanikia nguo.

Wapo watakaosema chakula kinapotea sakafuni na bei zimepanda. Ni kweli kinapotea, ndiyo maana sisi huweka vipande viwili tu mbele ya mtoto na kuongeza anapomaliza, juu ya mkeka wa plastiki unaofutika. Anayenyonya hula mara 2 au 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8 na mara 3 au 4 baada ya hapo, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo kinachoanguka ni kidogo kuliko kinachomwagwa kila jioni kutoka kwenye chupa za chai zinazorudi zimejaa uji uliochacha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya utenge nafasi mara moja kwa mwezi kwa chakula kimoja kinachopatikana wakati huo Mabibo, Buguruni au Feri, uonyeshe kwa picha namna ya kukikata kwa ajili ya mtoto wa miezi sita na wa miezi tisa, utaje na bei yake, na uandikwe kwa herufi kubwa ili dada aweze kuukata na kuubandika jikoni. Mkikubali, anzeni na dagaa.

Mlezi wa watoto,
Tabata, Dar es Salaam