Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha paghjella, uimbaji wa jadi wa sauti tatu wa kisiwa cha Corsica,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tuliimba Ijumaa Kuu, tukaimba misa ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni tarehe 15 Agosti, na tarehe 8 Septemba tukapanda hadi kijiji cha Casamaccioli milimani kwenye Santa di u Niolu, sikukuu ya Bikira Maria. Gari lilikuwa langu, mafuta pia.

Nije kwenye lililozua maneno mwaka mzima: kukataa mkataba wa hoteli ya pwani, maonyesho sita kwa euro 2,400. Nimeitwa mkaidi. Waliokuwepo siku ya majaribio waliona wenyewe: vipaza sauti vitatu, kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, na fundi akitutaka tuachane ili watalii watuone vizuri. Paghjella haiimbwi hivyo. Sauti ni tatu: siconda huanzisha, bassu akaingia chini yake, terza akapanda juu na madoido yake, wote wamebanana bega kwa bega, mkono sikioni, macho kwenye mdomo wa mwenzake. Siku ile terza wetu alichelewa mara mbili kwa kuwa hakuisikia pumzi ya bassu. Siconda nilikuwa mimi, najua nilichokisikia. Mwaka 2009 UNESCO iliuweka uimbaji huu kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sikubali versu, yaani namna ya kuimba ya kijiji hiki, ivunjwe vipande vitatu mikononi mwangu.

Wanaosema niliamua peke yangu wasome kumbukumbu. Kikao cha Mei kiliitishwa kwa barua. Kati ya wanachama 34 walikuja 5. Nilingoja hadi saa tatu usiku. Hao watano waliafiki mkataba ukataliwe.

Na hapo ndipo panaponiuma. Januari alikuja kijana wa miaka 16 anayetaka kujifunza terza. Jumanne tatu mfululizo za mazoezi alitukuta wawili, mimi na bassu mmoja. Terza hajifunzwi kwenye karatasi. Unasimama ubavuni mwa terza mwingine ukamsikiliza. Jumanne ya nne hakuja.

Ada ni euro 20. Wamelipa 13, hawajalipa 21, salio letu ni euro 187.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuanzisha darasa la vijana, na ikiwezekana kurekodi sauti za wazee wetu. Kijana yule nitamfuata kwao mwenyewe. Naomba terza mmoja tu aniambie leo kwamba Jumanne atakuwepo.

Mwenyekiti